Laini ya Simu ya Mama Mkwe

Mimi na mume wangu tulikula kupitia harusi za watu. Yeye alikuwa MC, mimi mpambaji. Tulikuwa na turubai, viti vya plastiki, spika kubwa mbili, jenereta, mabunda ya vitambaa, na kirikuu, kigari kidogo cha mizigo kilichobeba vyote hivyo kwa awamu. Kuanzia Nkuhungu, hapa Dodoma tulikoishi, hadi Chamwino na Hombolo, watu walitujua. Ukikuta mahali pamefungwa vitambaa rangi ya zabibu, na mwanaume mwembamba anawaamuru wageni wasimame, wakae, wasimame tena, basi hao ndio sisi.

Ndiyo maana tulipoamua kuachana watu walidhani tunatania. Mchungaji wetu alicheka kwanza, halafu akaona hatucheki.

Hakuna aliyempiga mwenzake wala aliyefumaniwa. Mume wangu alianza kulala stoo, chumba cha uani tulichokodi kuhifadhi vifaa, akisema analinda spika. Spika zilipata mlinzi mwaminifu, hakurudi tena ndani. Mimi nami sikumfuata. Nilikuwa nimechoka kuona maneno matamu yote yanakwenda kwa mabibi harusi wa watu. Kwenye sherehe alikuwa akisema, "Bwana harusi, mwangalie mkeo kama ndiyo siku ya kwanza unamwona," na wanawake wanafuta machozi. Nyumbani alikuwa ananiangalia kama mtu anayetafuta waya uliopotea. Yeye naye alikuwa na malalamiko yake, na aliyatoa mbele ya baraza la usuluhishi la kata: kwamba namnyoosha kama pazia. Eti hata akikaa kwenye kochi kupumzika, mimi namrekebisha kola. Kola yenyewe ilikuwa imepinda.

Baraza lilitushauri, ushauri ukagonga mwamba, tukaenda mahakama ya mwanzo. Hakimu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani inayomshuka puani. Aliuliza kuhusu nyumba, tukasema tumepanga. Akauliza kuhusu shamba, hatuna. Akauliza kuhusu mtoto. Binti yetu alikuwa chuo Iringa, na msimamo wake alikuwa ameshautoa kwa simu: "Gawaneni vyote, ila mimi msinigawe."

"Sasa kilichobaki ni nini?" hakimu akauliza.

"Biashara, mheshimiwa," tukajibu kwa pamoja, kama kwaya.

Akamtaka kila mmoja aeleze mchango wake. Mume wangu alisimama, akanyoosha koti, akashika meza iliyokuwa mbele yake kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa hakimu, waheshimiwa washauri wa mahakama, mabibi na mabwana…"

"Hapa hakuna mabibi na mabwana," hakimu akamkata. "Eleza."

Akaeleza kwamba bila sauti yake zile turubai zingekuwa kivuli cha mbuzi. Mimi nikaeleza kwamba bila mapambo yangu angekuwa mtu anayepiga kelele uwanjani, na angeshakamatwa. Mshauri mmoja mzee alikuwa anafurahia mpaka mabega yanatikisika. Hakimu akaamua kwamba tutafute mthamini, athamini biashara nzima, kisha turudi na taarifa yake, na kama Mungu akitujalia, turudi na makubaliano.

Mthamini tuliyempata alikuwa amezoea majengo. Tangu serikali ihamie Dodoma, kazi yake ilikuwa kupita kwenye nyumba na viwanja vinavyopisha barabara, akipima na kuandika. Alikuja stoo kwetu asubuhi na shati jeupe, akachomoa futi yake, akaanza kupima mlango.

"Mlango si wetu," nikamwambia. "Tumepanga."

"Samahani mama, ni mazoea."

Akaingia kwenye vifaa. Kila alichogusa alikitamkia neno moja, "chakavu." Viti, chakavu. Vitambaa, chakavu kiasi. Jenereta aliizunguka kama mtu anayezunguka nyoka, akasema, "Hii ni chakavu kabisa." Neno hilo lilituingia sote wawili. Nilikuwa nimekuja pale na hasira zangu nimezipanga vizuri, nikajikuta nimesimama upande mmoja na mume wangu.

"Hiyo turubai imestahimili upepo wa mwezi wa saba," mume wangu akasema.

"Tena wa Hombolo, karibu na bwawa," nikaongeza. "Turubai za wenzetu ziliokotwa kwenye mashamba ya zabibu."

"Upepo sina mahali pa kuuandika," mthamini akasema.

Ndipo mume wangu akaleta suala la sauti. Alidai kwamba sauti yake ni chombo cha kazi lakini si mali ya ndoa, kwa sababu alikuja nayo. Mimi nikasema alikuja na kitu cha kukwaruza. Aliponioa alikuwa anatangaza mnada wa nguo za mitumba, na ni mimi niliyemchemshia tangawizi miaka yote, ni mimi niliyemfundisha kunyamaza bibi harusi anapolia. Tukabishana pale katikati ya viti. Mthamini alitusikiliza kwa adabu, akafikiri, akaandika. Mume wangu alinyoosha shingo kusoma. Palikuwa pameandikwa: "Sauti ya MC: haithaminiki."

"Haithaminiki kwa uzuri au kwa ubaya?" akauliza.

Mthamini akageuza ukurasa. Wiki nzima mume wangu alikuwa akiulizia watu wanaojua Kiswahili vizuri.

Kilichofuata kilikuwa kiti cha maharusi. Ni kile kiti kirefu cha watu wawili, kimezungushiwa dhahabu ya rangi ya kopo, na mgongo wake una umbo la kopa. Mimi na mume wangu tulikinunua Dar es Salaam tukakisafirisha juu ya lori la mchele. Mthamini alibonyeza sponji kwa kidole.

"Kinabeba watu wawili kweli? Hebu kaeni nione kama springi zinashika."

Tukatazamana. Kazi ni kazi. Tukakaa. Hatukuwa tumekaa karibu namna ile kwa muda mrefu, na kiti kile kimetengenezwa kwa makusudi, katikati kinabonyea ili maharusi waangukiane. Bega lake likanigonga. Alikuwa ananukia sabuni ileile ya mche. Mthamini akarudi nyuma, akatoa simu yake.

"Tulieni hivyo hivyo. Napiga picha ya taarifa."

Kwa hiyo picha nzuri kuliko zote za ndoa yetu iko kwenye faili la talaka. Tumekaa ndani ya kopa la dhahabu, mimi nimekunja uso, yeye kwa mazoea ya kazi ametabasamu.

Muda wote huo simu ya biashara ilikuwa inaita. Mama mmoja wa Kizota alitaka viti. Kijana mmoja wa chuo alitaka MC wa mahafali. Mtumishi mmoja wa wizarani aliuliza kama tunapamba pia kwa wageni rasmi. Nilipokea, nikajibu, nikaiweka juu ya spika, ikaita tena. Mthamini akafunga kalamu yake.

"Ndugu zangu, niwaambie ukweli. Hivi vitu mlivyonavyo ni plastiki na vitambaa. Mtu mwenye mtaji kidogo anavinunua vyote. Kinachowalisha nyie ni hiyo namba."

Alikuwa sahihi, na tulishtuka kwamba hatukuwahi kuiona. Namba ile tuliipaka rangi kwenye kirikuu, nyuma ya kila kiti, kwenye pembe za turubai, hata kwenye ukuta wa baa moja njia ya Chamwino kwa ruhusa ya mwenye baa. Watu walikuwa wanaijua kichwani. Palepale nikasema namba ni yangu, mimi ndiye ninayeipokea. Mume wangu akasema ni yake, watu wanapiga kumtafuta yeye.

"Imesajiliwa kwa jina la nani?" mthamini akauliza.

Nikaanza kufuta vumbi kwenye spika. Mume wangu akatazama dari.

Ulipofika wakati wa kusajili laini kwa alama za vidole, sisi tulikuwa katikati ya msimu wa harusi na hatukuwa tumekwenda kujiandikisha vitambulisho vya taifa. Mama yake alikuwa amekuja mjini kutoka Kibakwe kutibiwa macho. Yeye cha kwake alikuwa nacho, tena alikivaa shingoni kwa kamba kama mtumishi wa bunge. Tukampeleka kwa wakala, akaweka kidole, tukamnunulia soda, tukasahau.

Tuliporudi mahakamani, hakimu alisoma taarifa ya mthamini mpaka mwisho, akashusha miwani.

"Namba ni ya mama wa huyu bwana?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Mama huyu ameolewa na nani kati yenu?"

Mabega ya mshauri mzee yakaanza kutikisika tena.

"Basi mahakama hii haiwezi kugawa mali yake. Nendeni kwa mwenye mali mkazungumze."

Tulikwenda Kibakwe kwa kirikuu, yeye anaendesha, mimi nimepakata simu ya biashara. Kila mmoja alikuwa amekataa mwenzake atangulie. Mpaka Mpwapwa hatukusemezana zaidi ya kuulizana kama maji yapo. Barabara ilipoanza kupanda milima, gari likawa linakohoa, naye akaanza kukohoa kama linavyokohoa, na hapo nikajua ana hofu.

"Mama hajui," akasema.

"Hajui nini?"

"Kuhusu sisi. Kila akiuliza namwambia una kazi nyingi."

Nikaanza kufuta kioo cha simu. Mimi na mama yake tulikuwa tunaongea kila Jumapili baada ya ibada. Habari za stoo alikuwa nazo tangu godoro lilipohamia.

Tulimkuta uani anachambua maharage kwenye ungo. Ni mwanamke mfupi, mnene kiasi, anayetembea kama anaiwahi treni. Baada ya kufiwa na mume alibaki Kibakwe na nguruwe wake na mashamba yake ya maharage na vitunguu, na hakuna aliyefaulu kumhamishia mjini.

"Shikamoo mama," nikapiga goti.

"Marahaba mkwe wangu. Karibu, karibuni." Akamgeukia mwanawe. "Na wewe mbona umevaa tai? Nani amekufa?"

Mume wangu alikuwa amejiandaa njia nzima. Alikataa kukaa. Akasimama katikati ya ua, kuku wanapita miguuni, akasafisha koo.

"Mama yangu mpendwa. Leo tumekusanyika hapa kwa jambo zito, jambo ambalo linahitaji moyo wa utulivu…"

"Kaa ule," mama yake akasema. "Habari hiyo nilishailia, nikamaliza. Wewe ndiye umechelewa kufika msibani."

Akakaa. Alinitazama kwa jicho ambalo lingeniua, lakini ugali ulikuwa umeletwa, na mlenda, na nyama ya nguruwe ya kukaanga, na mtu hawezi kugombana vizuri huku anamega tonge la moto. Tulipomaliza na kunawa, nikamweleza mama mkwe shida yetu. Nilieleza kwa unyenyekevu kwamba kuna laini ya simu iliyosajiliwa kwa kidole chake, kwamba wateja wote wamo humo, na kwamba tunaomba aamue nani apewe. Mume wangu akaongeza upande wake, kwa sauti ile isiyothaminika.

Mama mkwe alisikiliza huku anachokonoa meno. Kisha akaniuliza, "Watu wanaipiga sana?"

"Sana, mama."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na wakipiga ndiyo mnapata kazi?"

"Ndiyo."

Akamgeukia mwanawe. "Kwa hiyo miaka yote hii mimi nina biashara Dodoma, na hakuna mtu aliyeniambia?"

Kabla hatujajibu, simu ikaita. Ilikuwa mezani, katikati ya sahani. Mimi nikanyoosha mkono, mume wangu akanyoosha mkono, mikono yetu ikagongana juu ya bakuli la mlenda. Mama mkwe akaichukua taratibu, akaiweka sikioni kichwa chini miguu juu, akaigeuza.

"Haloo! Nani wewe?" Aliongea kwa nguvu, kama mtu wa mlima wa pili. "Wa wapi? Chamwino? Ehee. Unataka turubai. Za nini? Binti anaagwa. Binti wa nani? Anaolewa wapi? Mahari imetoka?" Akaisogeza simu mbali na sikio. "Nauliza tu, usikasirike. Maana imebaki kidogo halafu mnaleta muziki, siku ya siku mjomba anakataa mtoto asitoke, na turubai zetu zimeshalowa umande."

Mume wangu alishika kichwa. Mimi nilikuwa najiuma midomo. Lakini yule mteja hakukata. Nilisikia mwanaume upande wa pili anaanza kueleza habari za mjomba, maana kweli mjomba alikuwepo na kweli alikuwa na maneno. Mama mkwe akampa ushauri wa namna ya kuongea na wajomba. Waliongea mpaka mlenda uliobaki ukapoa. Mwisho akasema, "Sawa baba. Turubai atakuletea mkwe wangu. Muziki atakuja mwanangu. Kila mtu mlipe wa kwake, wameachana hao. Ndiyo. Hapana, hawapigani."

Akakata, akaifuta simu kwa kanga, akaitumbukiza kwenye blauzi.

"Laini inabaki hapa," akasema.

"Mama!" mume wangu akaruka. "Huku mtandao hamna!"

"Upo nyuma ya banda la nguruwe. Nitahamishia kiti huko."

Tulimbembeleza mpaka jua likashuka mlimani. Hakubadilika. Alichotaka kilikuwa kidogo tu kwa kila kazi, kitumwe kwenye hiyo hiyo simu, na nguruwe wasitajwe kwa wateja Waislamu. Wakati wa kuondoka alinifungia gunia la vitunguu. Mwanawe akauliza yeye je. "Wewe una tai," akaambiwa.

Hakimu alipoyasoma makubaliano yetu aliinua faili likamficha uso, na lilikaa pale muda. Kisha akalishusha, akayasoma kwa sauti: spika, maiki, jenereta na kirikuu kwa mwanaume. Turubai, viti, vitambaa na kiti cha maharusi kwa mwanamke. Namba ya simu, kwa bibi wa Kibakwe. Talaka ikatoka. Nje ya mahakama tulisimama juani, hatujui tunaagana vipi. Nilitaka kulia na sikujua nalilia nini hasa. Alinipa mkono. Nikaona kola yake imepinda, nikaiacha hivyo.

Biashara ya mama mkwe haikuwa laini hata siku ya kwanza. Aliwatisha wachumba. Bwana harusi mmoja wa Ipagala aliniambia kwamba aliulizwa maswali magumu kuliko yale ya mchungaji, na kwamba nyuma kulikuwa na mlio kama wa mtu anayenyongwa. Lakini watu walizidi kupiga, wengine bila shughuli yoyote, wanataka tu kusema habari za wajomba zao.

Na alikosea pia. Siku moja alitutuma Hombolo kwa familia moja ya wakulima wa zabibu, mimi na viti, mwanawe na muziki. Nilifika nikakuta watu wamekaa kimya kwenye mikeka. Ilikuwa shughuli ya kuweka msalaba kwenye kaburi la baba yao. Walikuwa wameomba viti tu. Nyuma yangu kirikuu kikaingia, spika zimefungwa riboni, na mume wangu wa zamani akashuka ndani ya suti ya bluu inayong'aa, maiki mkononi. Watu wote wakageuka.

Nilifumba macho. Nilipofumbua, alikuwa amevua koti, amelikunja ndani nje, na maiki ameirudisha kwenye gari. Alisalimia wafiwa mmoja mmoja kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kisha akaja kunisaidia kupanga viti. Wakati wa chai alibeba birika, akawamiminia wazee. Mama mfiwa alimshika mkono akamuuliza yeye ni ndugu wa upande gani, naye akajibu, "Wa upande wa viti, mama." Mama yule akacheka, kicheko cha kwanza pale siku ile. Nilimtazama nikawaza kwamba huyu ningeweza kuwa rafiki yake. Tangu hapo tumekuwa hivyo. Tunakutana kazini, tunaulizana habari za binti, tunasengenya vyakula, kila mtu anarudi kwake.

Mama yake bado ananiita mkwe, na mimi sijamsahihisha. Juzi alinipigia, nikasikia nguruwe kwanza, halafu yeye.

"Kuna mteja wa Area D," akasema. "Mtumishi wa serikali, alifiwa na mkewe zamani. Mtu mtulivu, sauti yake ndogo."

Nikatafuta kalamu. "Sherehe ni lini, mama? Na wageni ni wengi?"

"Sherehe gani?" akasema. "Alipiga akakosea namba, tukaongea. Nimemwambia aje kwako Jumamosi anywe chai. Uvae vizuri."

Nilimwambia mama, hilo haliwezekani, watu watasemaje. Akaniambia mtandao unakatika, hanisikii, na kweli ukakatika, au aliukata yeye. Jumamosi nilipika maandazi, nikavaa vizuri.